Usaili Hujibiwa kwa Mdomo

Binti wa kaka yangu alikuja kwangu jioni moja, siku tatu kabla ya usaili, na faili lililovimba karatasi. Alikuwa amechapa historia ya kampuni, malengo yake, majina ya wakurugenzi, na kurasa kadhaa za maswali ya usaili pamoja na majibu yake. Kalamu ya njano ilikuwa imepita karibu kila mstari.

"Shangazi, nimesoma kila kitu," akaniambia.

Nikamwomba afunge faili. Kisha nikamuuliza, "Tueleze kuhusu wewe, na kwa nini tukupe kazi hii." Akataja jina lake, akataja mwaka aliomaliza chuo, akasema "yaani", akanyamaza. Macho yakarudi kwenye faili.

Yule binti hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa anajua. Ila alichokijua kilikuwa hakijawahi kupita mdomoni mwake hata mara moja. Nimekaa pande zote mbili za ile meza, na nimeona jambo hili likiwaangusha watu wazuri kuliko upungufu wowote wa elimu: tunajiandaa kwa macho, ilhali usaili hujibiwa kwa mdomo.

Kusoma kunadanganya kwa sababu kunatupa raha ya kujua. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti ambao kila msailiwa angefaa kuujua. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari, kisha wengine wakakirudia kukisoma, na wengine wakajaribu kukikumbuka bila kukiangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yakageuka, na waliojilazimisha kukumbuka wakawa na mengi zaidi kichwani. Maana yake ni kwamba njia inayokupa utulivu usiku huu siyo itakayokusaidia siku yenyewe.

Basi tukaweka simu juu ya meza, ikirekodi, nikamwambia anisimulie kazi moja aliyoifanya akaifurahia. Akasimulia ya mafunzo kwa vitendo: "Tuliona hesabu za ghala hazilingani na daftari, tukakagua, tukatengeneza jedwali jipya." Tukasikiliza pamoja. Nikamuuliza nani aliyeona. "Mimi." Nani alitengeneza jedwali? "Mimi." Na wenzako? "Walinisaidia kuhesabu bidhaa rafuni."

Hapo ndipo nilipotaka afike. Lugha yetu inabeba mtendaji kwenye silabi moja mwanzoni mwa kitenzi, na silabi hiyo ikiwa "tu", jopo halina namna ya kujua wewe ulikuwa wapi. Tunaitumia kwa unyenyekevu, na unyenyekevu ni mzuri, lakini wasaili hawaajiri kikundi. Akarudia: "Niligundua hesabu za ghala hazilingani na daftari. Nikatengeneza jedwali jipya. Wenzangu wawili wakanisaidia kuhesabu bidhaa kwa siku 2, tukapata chanzo: mizigo iliyorudishwa ilikuwa haiandikwi." Hakujisifu popote. "Ni" amekaa mahali pake, na "tu" amekaa mahali pake. Tofauti ya kauli hizo mbili, ukiwa upande wa pili wa meza, ni kubwa sana.

Niseme kidogo kuhusu upande huo wa pili. Kwenye usaili ulioandaliwa vizuri, kila mjumbe ana karatasi yenye maswali yaleyale kwa waombaji wote, na nafasi ya kuandika alama. Anaandika huku unaongea. Kile ambacho hukukisema hakiwezi kupata alama, hata kama kimo kwenye wasifu wako, hata kama mjumbe anahisi unakijua. Wanapokuuliza "tupe mfano wa siku uliyotofautiana na mwenzako kazini", wanasubiri tukio moja lenye mwanzo na mwisho: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ukafanya nini, kikatokea nini. Waombaji wengi hutumia muda wote kueleza hali, na wakifika kwenye walichofanya wanasema "basi nikashughulikia, yakaisha". Pale pa "nikashughulikia" ndipo palipokuwa na alama.

Kwa hiyo sishauri mtu akariri majibu 50. Chagua matukio matano au sita ya kweli kutoka maishani mwako: ulipotatua jambo gumu, ulipokosea, ulipogombana na mtu mkaelewana, ulipojifunza kitu upya, ulipoongoza wengine. Kama hujawahi kuajiriwa, chuo, kujitolea na shughuli za familia zina matukio ya namna hiyo. Yasimulie kwa sauti hadi kila moja liishe ndani ya dakika mbili hivi. Kisha chukua tangazo la kazi, usome sifa zinazotakiwa moja baada ya nyingine, na kwa kila sifa jiulize ni tukio gani linaijibu. Sifa isiyo na tukio ndiyo ya kuifanyia kazi usiku huo.

Lile la kukosea liandae kwa dhati. Miaka mingi iliyopita niliulizwa, "Tueleze kosa ulilofanya kazini." Nilikuwa na makosa ya kutosha, lakini sikuwa nimejiruhusu kuyafikiria. Mate yakanikauka. Nilitazama jagi la maji lililokuwa katikati ya meza, nikajisikia nikisema kwamba mimi sikumbuki kosa lolote. Mjumbe mmoja akaweka kalamu yake chini. Sikupata kazi ile, na naamini jibu hilo lilinigharimu.

Sasa hofu. Watu hutuambia tutulie, na mimi nimeacha kabisa kutoa ushauri huo, kwa sababu moyo unaokwenda mbio hautulii kwa kuamriwa. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks alichapisha majaribio ambamo watu walitakiwa kuimba, kuhutubia na kufanya hesabu huku wakiwa na wasiwasi. Waliojiambia kwamba wana hamasa walifanya vizuri kuliko waliojaribu kujituliza. Inaingia akilini: hofu na hamasa mwilini hufanana, mapigo yaleyale, jasho lilelile viganjani. Ni rahisi kuubadilisha jina msisimko huo kuliko kuuzima. Nami ningeongeza kwamba hofu nyingi hutoka kwenye sentensi ya kwanza, kwa hiyo sentensi ya kwanza ya kujieleza ndiyo pekee ninayokubali ikaririwe neno kwa neno. Ikishatoka, ulimi unapata njia.

Na ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungelitafuta vipi. Ukihitaji kufikiri, omba: "Naomba sekunde chache." Kimya cha sekunde tano kwako ni kama saa nzima, kwao ni muda wa kumalizia kuandika.

Mengine ni ya kawaida na yanamalizwa siku moja kabla. Vyeti halisi kwenye bahasha moja, majina yakilingana na ya kitambulisho. Njia uijue, na uongeze muda wa kuchelewa njiani. Nguo uzijaribu ukiwa umekaa, maana ndivyo utakavyokuwa. Kama usaili ni wa video, chaji, mwanga usoni, na mtu wa kukupigia ujaribu sauti. Kiwango cha mshahara utakachokitaja ukijue, ukitamke mara kadhaa bila sauti kushuka. Na uwe na swali moja la kweli la kuwauliza, jambo ambalo jibu lake litakusaidia kuamua kama kazi hiyo unaitaka.

Binti yangu yule alirekodi kila jioni kwa siku tatu. Jioni ya mwisho faili lilibaki begini. Asubuhi ya usaili akanitumia ujumbe wa sauti akiwa nje ya jengo, magari yakisikika nyuma yake. "Shangazi, moyo unanienda mbio, lakini nina hamasa," akasema, kisha bila kuombwa akaanza, "Niligundua hesabu za ghala hazilingani na daftari," akaisimulia yote hadi mwisho, kwa dakika moja na nusu.