Wakazi Si Masikio ya Polisi

Mtaa ukishashindikana kwa ujambazi, hatua ya kwanza inajulikana hata kabla haijatangazwa. Unaitishwa mkutano. Mkuu wa polisi anakuja na wasaidizi wake, mwanasiasa anakaa katikati, na baada ya hotuba tatu nne wananchi wanaambiwa kwamba ulinzi ni jukumu la kila mmoja, kwa hiyo watoe taarifa. Namba ya simu inasomwa mara mbili. Watu wanapiga makofi na kutawanyika, na taa ya barabarani iliyoungua mwaka juzi inaendelea kuwa imeungua.

Hilo mimi siliiti ushirikiano. Washirika hutoa na kupokea. Hapa upande mmoja unatoa taarifa, tena kwa kuhatarisha maisha yake, na upande wa pili unatoa namba ya simu. Mama anayeishi mlango wa tatu kutoka kwa kijana anayeuza dawa za kulevya anajua mengi kuliko askari yeyote. Anajua pia kwamba gari la doria likishaondoka, yeye na kijana yule ndio watakaolala mtaa mmoja usiku huo. Akinyamaza tunasema jamii haitoi ushirikiano, kana kwamba ana ugonjwa wa uoga. Mama wa watu amepiga hesabu zake, na amepatia.

Ninavyoona, mtaa hutulia pale wakazi wanapopewa usemi wa kweli juu ya vitu vinavyoshikika: ardhi, taa, ajira, bajeti. Usemi huo ukidumu miaka ya kutosha, taarifa za wahalifu huja zenyewe. Ukianzia kwenye taarifa, utaambulia majina ya watu waliogombana na majirani zao.

Nianze na jambo linaloonekana dogo kuliko yote, yaani majani. Philadelphia, Marekani, ni mji wenye makumi ya maelfu ya viwanja vilivyotelekezwa, viwanda vilipofungwa na watu wakahama. Watafiti walichukua viwanja 541 na kuvigawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilifanyiwa kila kitu: takataka zikazolewa, ardhi ikasawazishwa, nyasi na miti michache ikapandwa, ukawekwa uzio mfupi wa mbao wenye mwanya wa kupita mtu. Kundi la pili likafyekwa na kusafishwa basi. La tatu likaachwa kama lilivyo. Matokeo yalitoka mwaka 2018: katika mitaa iliyo chini ya mstari wa umaskini, vurugu za bunduki kuzunguka viwanja vilivyotengenezwa zilishuka kwa asilimia 29. Hata usafi mtupu, bila miti wala uzio, ulisaidia.

Anayeshangaa nyasi zinazuiaje risasi hajawahi kufikiria kiwanja kilichotelekezwa kinatumikaje. Muuza dawa hatembei na bunduki mfukoni siku nzima. Akipekuliwa nayo amekwisha. Huificha kwenye magugu, nyuma ya tairi bovu au friji lililotupwa, mahali ambapo anaifikia kwa hatua kumi na ambapo polisi wakiikuta haina mwenyewe. Fyeka yale magugu, ondoa lile friji, na ghala lake limekwenda. Ule uzio nao una kazi yake, ingawa mtoto anauruka bila shida. Unazuia gari la kutupa taka lisiingie kinyumenyume usiku, na unamwambia kila apitaye kwamba kiwanja kina mtu anayekiangalia. Kisha wazee wanatoa viti, watoto wanaanza kucheza, na mahali palipokuwa pa kujificha panakuwa pa kuonekana.

Nasisitiza jambo moja hapa kwa sababu hupotoshwa kila siku. Katika jaribio lile hakukamatwa mtu ili kiwanja kipendeze. Wapo viongozi wakisikia kwamba mazingira machafu huzaa uhalifu, wanachokimbilia ni kuwazoa wachuuzi, ombaomba na vijana waliosimama kwenye kona. Wanasafisha watu wakaacha takataka. Ushahidi huu hauwapi ruhusa hiyo hata kidogo.

Taa nazo ni hivyo hivyo. New York mwaka 2016 iliweka minara ya taa za nguvu katika makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na makosa makubwa ya usiku nje ya nyumba yakapungua kwa asilimia 36. Ni takwimu nzuri sana, ila kuna lililo nyuma yake. Taa ya kumulika kama ya uwanja wa gereza, inayoingia hadi chumbani kwa mtu saa nane za usiku, ni usalama wa kuudhi. Fundi wa manispaa hajui watoto wanapita uchochoro upi wakitoka masomo ya jioni, wala ngazi ipi wanawake wanaikwepa hata kukiwa mchana. Wakazi wanajua. Kuwauliza kabla ya kuchimba shimo la nguzo hakugharimu chochote, na bado ni nadra mtu kuulizwa.

Sasa, mikutano. Siipingi yote. Chicago ilianza mpango wake wa polisi na jamii mwaka 1993, na moyo wake ulikuwa mikutano ya kila mwezi katika kila eneo dogo la doria, askari walewale na wakazi walewale. Kilichouokoa usiwe porojo ni kwamba askari wa eneo alikuwa na fomu ya kudai huduma za jiji, na idara nyingine zilitakiwa kuipa fomu hiyo kipaumbele: gari bovu liondolewe, jengo hatari libomolewe, taa itengenezwe. Mkazi akilalamikia nyumba iliyogeuzwa pango la bangi, anarudi mwezi unaofuata kuuliza fomu yake imefikia wapi. Mkutano wa namna hiyo una maana, maana una deni linalodaiwa.

Hata hivyo, waliojaza viti walikuwa zaidi wenye nyumba na watu wazima wenye makazi ya kudumu. Wahamiaji wanaozungumza Kihispania walijitokeza wachache mno ukilinganisha na idadi yao. Hili si la Chicago peke yake. Mpangaji anayefanya zamu ya usiku hana jioni ya kukaa kikaoni, asiye na vibali hataki kukaa chumba kimoja na polisi, na kijana wa miaka kumi na saba hajaalikwa kwa sababu yeye ndiye ajenda. Wanaobaki ni wale wale, na baada ya mwaka wanaanza kusema "sisi wakazi" wakimaanisha watu ishirini. Kiongozi anaondoka akiamini amesikia sauti ya mtaa.

Kijana huyo ambaye hajaalikwa ndiye Boston iliamua kumwita. Katikati ya miaka ya 1990 jiji lile lilikuwa likizika vijana kwa wingi, na walipoketi kuchambua waliona kwamba wanachama wa magenge, wasiofika asilimia 1 ya vijana wa jiji, walihusika na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana wenzao. Yaani mtaa uliohukumiwa mzima kuwa wa majambazi ulikuwa ukisumbuliwa na kikundi cha watu wanaojulikana kwa majina. Mwaka 1996 wakaanza kuwaita ana kwa ana. Meza moja ilikuwa na polisi, waendesha mashtaka, maofisa wa uangalizi wanaofuatilia wahalifu wanaotumikia adhabu nje ya gereza, wachungaji wa makanisa na wafanyakazi wa vijana wa mitaani. Ujumbe ulikuwa na sehemu mbili zisizotenganishwa: mmoja wenu akiua, sheria italishukia kundi zima kwa kila kosa lililopo, na anayetaka kutoka, msaada wa kazi, shule na matibabu uko hapa, na mwenye kuutoa ni huyu mnayemwona.

Mauaji ya vijana kwa mwezi yakashuka kwa asilimia 63. Ni kweli kwamba uhalifu ulikuwa unapungua Marekani nzima miaka ile, na wasomi wanabishana hadi leo kiasi gani kiandikwe kwenye hesabu ya Boston. Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Kufikia mwaka 2000 hivi mpango ulikuwa umekufa kimya kimya. Wengine walihamishwa, wengine walipandishwa cheo, wachungaji wakatofautiana, na kila mtu akadhani kazi imekwisha. Mauaji yakapanda tena, na mwaka 2007 jiji likarudi kuufufua.

Hakuna adui wa ulinzi wa jamii anayezidi barua ya uhamisho. Askari anakaa miaka miwili, anaanza kujua nani ni mjomba wa nani, nani akisema jambo linasikika, halafu anapelekwa upande wa pili wa jiji na anakuja mgeni anayeuliza kila mtu kitambulisho. Uaminifu wa wakazi haukabidhiwi pamoja na ufunguo wa ofisi. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kanuni moja tu ya utumishi wa polisi, ningegusa hiyo: anayefanya vizuri mtaani apandishwe cheo akiwa pale pale mtaani.

Kuhusu ajira sitasema mengi, kwa kuwa hakuna anayebisha hadharani. Watu hubisha wakati wa kugawa fedha. Chicago, mwaka 2012, vijana wa shule zilizoko mitaa yenye vurugu walipewa kwa bahati nasibu kazi ya wiki nane za likizo, saa 25 kwa wiki, kwa kima cha chini cha mshahara. Kwa miezi 16 iliyofuata, waliopata kazi walikamatwa kwa makosa ya vurugu kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao waliokosa. Na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuja baada ya kazi kwisha. Kwa hiyo ile hoja kwamba "mnawashughulisha tu wasipate muda wa kuiba" haina miguu. Wiki nane za kuwa na mtu anayekusubiri asubuhi, na anayekufundisha kumjibu bosi bila kupandwa na hasira, zilibaki na vijana wale hata majira yakabadilika.

Nimeacha mwisho swali ambalo wapenda miradi hawapendi kuulizwa. Mtaa ukishapona, nani atakaa humo? Taa zikiwaka, viwanja vikipendeza, bunduki zikinyamaza, kodi hupanda. Mama yule aliyevumilia milio ya risasi miaka kumi na tano anapewa barua ya kuhama mwezi ambao bustani imechanua. Ikiwa huo ndio mwisho, basi aliyekataa kushirikiana tangu mwanzo alikuwa na akili kutuzidi.

Mfano ninaoupenda unatoka tena Boston, mtaa wa Roxbury, eneo la Dudley. Katika miaka ya 1980 palikuwa na viwanja vitupu zaidi ya elfu moja, vingi vikiwa vimetokana na nyumba zilizochomwa moto, wamiliki wakichukua fedha za bima. Kampuni za nje zilikuwa zikija kumwaga taka humo. Mwaka 1985 wafadhili wenye nia njema waliitisha mkutano kuwasilisha muundo wa taasisi ya kuufufua mtaa, na bodi waliyoipendekeza ilikuwa na viti vichache tu vya wakazi. Wakazi wakasimama mmoja mmoja kuuliza: ninyi mnaishi wapi? Muundo ukarudishwa ukaandikwa upya, wakazi wakawa wengi katika bodi, kwa viti sawa vya Wamarekani weusi, Walatino, watu wa asili ya Cape Verde na wazungu. Hapo ndipo Dudley Street Neighborhood Initiative ilipozaliwa kweli.

Kampeni yao ya kwanza kubwa ilikuwa kuwazuia wamwaga taka. Mwaka 1988 wakapata kitu ambacho vikundi vya wakazi huwa hawapewi: jiji liliwakabidhi mamlaka ya kutwaa kwa fidia viwanja vitupu katika eneo lao, mamlaka ambayo kwa kawaida ni ya serikali. Ardhi waliyoipata iliwekwa chini ya dhamana ya jamii. Mtu ananunua nyumba, lakini ardhi inabaki ya dhamana na anaikodi kwa miaka 99. Akitaka kuuza anapata faida ya kadiri, kwa kanuni iliyoandikwa kwenye mkataba, ili anayefuata naye awe mtu wa kipato cha kawaida. Nyumba zaidi ya 200 zimejengwa kwa utaratibu huo, pamoja na bustani na viwanja vya wazi.

Wanaosema utaratibu huu ni mzito wana hoja. Unahitaji mawakili, vikao visivyoisha, na wakazi wenye subira ya kusoma nyaraka za ardhi usiku baada ya kazi. Pia una wakati wake. Dudley walifanya hivyo ardhi ikiwa haina thamani machoni pa wawekezaji, wakati benki zilikuwa hazitaki hata kusikia jina la mtaa. Ukisubiri mpaka maua yachanue, kila kiwanja kitakuwa na dalali. Kwa hiyo manispaa inayotaka ushirikiano leo ianze na orodha ya viwanja vyake vilivyotelekezwa, iibandike ukutani kwenye mkutano ule ule wa kwanza, na iseme ni vipi kati yake iko tayari kuviweka mikononi mwa wakazi kabla ya mkuu wa polisi hajasoma namba ya simu.