Mavi ya chuma hayaharibu saruji

Fundi mmoja ninayemheshimu sana ana usemi wake: "Saruji ya siku hizi wameichakachua, wanatia majivu." Kazi yake naijua, lakini kwa hili namkatalia. Sisi tunaojenga Tanga, Bagamoyo au Kigamboni, ambako chumvi huifuata nondo mpaka ndani ya lenta, hayo "majivu", yaani mavi ya chuma na majivu ya volkano yanayochanganywa na saruji, ndiyo tunayoyahitaji.

Chuma kikiyeyushwa kwenye tanuru, mavi yake huelea juu. Yakipozwa ghafla kwa maji hugeuka chembe kama za kioo, nazo zikisagwa laini huganda kama saruji, mradi zichokozwe na chokaa. Hiyo ndiyo slagi. Waholanzi wameitumia kuzuia bahari yenyewe: kizuizi cha Oosterschelde, kilichozinduliwa 1986, kilijengwa kwa saruji ya slagi na kikapangiwa kudumu miaka 200.

Saruji ya kawaida ikiganda huzalisha chokaa nyingi. Slagi na pozolana, yaani majivu ya volkano kama tuliyonayo Mbeya, huila chokaa hiyo na kuigeuza gundi. Vitundu vya zege hubana, chumvi ikachelewa kuifikia nondo.

Ila kuchanganya kuna mipaka. Pozolana haigandi bila chokaa. Ukiirundika juu ya slagi nyingi, vyote viwili vinagombea chokaa ile ile kidogo, na ikipungua mno, hewa ya ukaa hupenya na kuondoa ukali unaoilinda nondo isishike kutu. Vumbi la mawe ya chokaa hujaza nafasi, na kidogo lafaa; likizidi linapunguza nguvu tu. Kwa hiyo soma alama ya aina ya saruji kwenye mfuko: CEM III/A ina slagi asilimia 36 hadi 65, CEM III/B 66 hadi 80. CEM II/B-P ni pozolana, 21 hadi 35.

Kinachoniuma ni maji. Saruji hizi huganda polepole, na zikikauka mapema zile faida zote hazipatikani. Baraza ya shangazi yangu Tanga ilimwagiliwa siku mbili, ya tatu mbao zikavuliwa. Leo nondo zimevimba, zege linabanduka vipande. "Simenti mbovu, mwanangu," ananiambia. Hapana, shangazi. Zege lako liliachwa na kiu.

Mwaka huu tumemwaga slabu mpya, tukatumia saruji yenye mchanganyiko. Nilitandaza magunia, nikamwomba kijana wa jirani aloweshe asubuhi na jioni kwa siku 14, kwa maji ya bomba, maana kisima chetu kina chumvi. Fundi alinung'unikia mbao zake kukaa muda wote huo. Nilimlipa siku za ziada, na mbao zikabaki.