Mwaka wa korona ndo tulikula pweza wetu

Sasa hivi ukienda dikoni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, hapa kwetu Jambiani Zanzibar na hela ya kitoweo cha nyumbani tu, pweza utamuona kwa macho. Mnunuzi wa hoteli keshafika zamani na pikipiki na boksi lake la barafu, habishani bei sana, anabeba mzigo wote anakwenda zake, sie wengine tunabakishiwa vichangu vya vidole viwili. Na bahari yenyewe iko mlangoni kwetu!

Watu wakiizungumzia korona huku Zanzibar wanataja ukimya, na kweli ulikuwepo. Machi 2020 ndege za watalii zikasimama, shule zikafungwa, hoteli za pwani yetu moja baada ya nyengine zikafunga mageti. 2019 waliingia watalii zaidi ya laki tano, 2020 hata laki tatu hawakufika, na hao wengi wao walikuja kabla ya Machi au huko mwisho wa mwaka Warusi walipoanza kumiminika. Mie nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja hivi, tukaambiwa nendeni likizo tutawaita, likizo ya bila mshahara hiyo.

Basi Ramadhani ikatukuta hivohivo. Kuna siku moja katikati ya mwezi, mbalamwezi imejaa na bamvua kubwa, saa nne asubuhi maji yametoka mpaka kule mwambani, unakwenda kwa miguu mpaka uchoke na maji hayajafika magotini. Ufukwe mzima hakuna papasi hata mmoja, wale vijana wa kuwaandama watalii, kaiti za watalii wa Paje hazipo angani, wa kukuuliza utapanda boti au unataka viungo hayupo. Kinamama wako kwenye mwani wao wanafunga mbegu kwenye kamba na soga zao unazisikia kutoka mbali kabisa, swaumu haikuwazuia kucheka. Shangazi yangu keshatangulia na mchokoo wake, ile fimbo ya kuchokolea pweza, mie niko nyuma na ndoo.

"We mtoto angalia unapokanyaga, hapo pana mwenyewe."

Mie sioni kitu, naona jiwe. Yeye kaona makombe, yale maganda ya baharini, yamekaa vibaya nje ya tundu, maana pweza akila anatupa mabaki mlangoni, na anaejua kusoma huo mlango hahitaji kuuliza. Nimesoma chuo utalii na ukarimu, kuwaelezea wageni "uvuvi wa asili" nimewaelezea sana tu, na mlango wa pweza siujui.

Tuliporudi dikoni hakuna pikipiki wala boksi la barafu. Alasiri kijiji kizima unasikia pa! pa! pa! watu wanapiga pweza walainike, nyumba hii na nyumba ile, jioni futari ni pweza wa nazi na muhogo na hakuna alieona ajabu. Nguru ilikuwa hivohivo, jodari hivohivo, samaki ambao miaka yote tunawaona wakipita tu kwenda kwa wageni.

Sasa nisieleweke vibaya, sisemi ile ilikuwa raha. Pweza alishuka bei kwasababu hakuna wa kumnunua, na huyo asienunuliwa ndo hela ya shangazi ya mchele na sukari, na mchele wetu mwingi unatoka nje ya kisiwa hauvuliwi mwambani. Vijana wa hoteli tulirudi kukaa vibarazani kama wazee wastaafu. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa unatisha vilevile, takwimu za nchi zikafika wagonjwa 509 mwezi wa tano alafu basi, hatukusikia nyengine, sie tukaendelea kunawa kwenye ndoo za mlangoni msikitini na kumkwepa kiaina anaekohoa.

Lakini kuna kitu nilikiona mwaka ule sijaweza kukisahau. Kumbe samaki wapo. Miaka yote tunaambiwa bahari imechoka, na kweli imechoka, tena sana, lakini hata kile kidogo kilichopo hakilali kwetu. Mtoto wa mvuvi anakulia wali na mchuzi wa maharage huku mgeni wa siku nne anapigia picha sahani ya pweza wa kukaanga. Hilo sio kosa la mgeni, yeye kaagiza tu.

Kwahiyo mie nasema hivi, kamati ya wavuvi na sheha, kiongozi wetu wa serikali hapa kijijini, wakae waweke saa moja ya mwanzo pale dikoni iwe ya wanakijiji, wa boksi la barafu wasubiri kivulini. Kama wenzetu wa Kizimkazi wameweza kufunga mwamba miezi mitatu, watu wasivue ili pweza wakue, na wakakubali, saa moja haitushindi.

Ami yangu ni mvuvi, nikamwambia hili akanicheka. "Na saa hiyo moja utaninunulia wewe? Mie nina madeni ya injini." Ana haki, bei ya kijiji na bei ya hoteli hazifanani na sitaki yeye ndo alipie futari yangu. Nikamwambia basi ami, sio mzigo wote, kila chombo kitoe fungu moja tu, na hoteli zilipe ushuru kidogo dikoni wa kufidia hilo fungu. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Hao hoteli kawaambie mwenyewe, si ndo mabosi zako."

Nimerudi kazini siku nyingi. Bado sijawaambia.