Kidole Gumba Kilichokwepa Radi Ukumbini

Watu wasiocheza michezo ya video hutuuliza mara kwa mara iwapo hatuchoki kurudia jambo lile lile. Mimi huwajibu kwamba kurudia peke yake hakumchoshi mtu. Kinachochosha ni kurudia jambo ambalo lingeweza kufanyika bila akili yako kuwapo. Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, una maumbo saba tu, kila moja likiwa na miraba minne, na kazi ya mchezaji tangu mwanzo hadi mwisho ni kuyapanga yanapoanguka. Hata hivyo kasi huongezeka, nafasi hupungua, na umbo uliloliweka vibaya hubaki hapo likikutazama mpaka ulifukie au likufukie. Katika Space Invaders wa mwaka 1978, wavamizi hushuka kwa kasi zaidi kadiri wanavyopungua, kwa sababu tu mashine ya wakati ule ilibakiwa na vitu vichache vya kuchora. Mbunifu wake, Tomohiro Nishikado, aliona kwamba kasoro hiyo inanogesha mchezo, akaiacha. Katika michezo hiyo miwili unarudia tendo moja usiku kucha, na hakuna hata dakika moja ambapo unaruhusiwa kuwaza jambo jingine.

Iko aina nyingine ya marudio, inayoiachia akili huru na kukichukua kidole peke yake. Hiyo ndiyo iliyonifikisha mbele ya ofisa utumishi, nikijaza fomu ya ajali kazini.

Mchezo niupendao kuliko yote ni Final Fantasy X, uliotoka mwaka 2001 kwa mashine ya PlayStation 2. Mapambano yake huenda kwa zamu, orodha ya zamu huonekana pembeni mwa skrini, nawe unaweza kumtoa shujaa mmoja na kumwingiza mwingine pambano likiwa limepamba moto, hivi kwamba kila hatua inakuwa hesabu ndogo yenye hatari ndani yake. Kwa hayo sina lawama yoyote. Lawama zangu huanza pale mchezaji anapotaka kukamilisha silaha kuu za mashujaa wake, kwa sababu hapo mchezo hugeuka kuwa ofisi yenye madirisha mengi na kila dirisha lina karani mwenye sharti lake. Silaha moja inakudai ushinde mbio za ndege mkubwa apandwaye, na ushinde kwa muda wa sifuri kamili, jambo linalowezekana kwa kuwa kila puto unalolinasa njiani hukupunguzia sekunde tatu. Nyingine inakutaka ukamate vipepeo wa buluu huku ukiwaepuka wekundu. Ya Lulu, mchawi mwenye gauni jeusi na uso wa mtu aliyekwisha kuchoshwa na maswali, inakutaka ukwepe radi 200.

Ninaomba msomaji aielewe vizuri idadi hiyo. Iko nyika moja iitwayo Thunder Plains, ambako mvua haikatiki na radi hupiga hovyo. Skrini humulikwa na weupe mkali, na kabla hujapepesa jicho unatakiwa uwe umebonyeza kitufe ili shujaa wako ajirushe kando. Ukichelewa, radi inambwaga chini. Zinatakiwa radi 200 mfululizo, maana ikikupata ya 199 unaanza upya kuhesabu moja, na mchezo haukuonyeshi popote umefikia ngapi. Miongoni mwa mashujaa yumo msichana aitwaye Rikku, anayeiogopa radi tangu utotoni, ambaye katika nyika hiyo hupiga magoti na kulia akiomba wenzake wapumzike kwenye nyumba ya wageni iliyo njiani. Nilipoucheza mchezo huo mara ya kwanza nilimcheka sana binti yule, na sasa namwona kuwa ndiye pekee katika kundi lile aliyekuwa na busara.

Jambo la kuudhi zaidi ni kwamba sikuwa hata na haja na silaha hiyo. Lulu nilikuwa nimekwisha kumweka benchi, kwa sababu kufikia hatua ile ya mchezo wenzake wanapiga mara mbili na yeye bado anatafuta neno la uchawi. Lakini mchezaji aliyekwisha kukusanya silaha nyingine zote hawezi kulala akijua kwamba nafasi moja iko wazi. Nikaazimia kuimaliza kazi hiyo usiku mmoja, na kwa kuwa hesabu haionyeshwi, nikamwajiri mpwa wangu awe karani wangu.

Mpwa wangu ni kijana mwaminifu, na uaminifu wake ndio uliotuponza. Nilimwagiza achore mstari mmoja daftarini kila ninaposema "hiyo". Kwa muda mrefu kazi ilikwenda vizuri: weupe, kidole, "hiyo", mstari. Usiku ulipokolea nikaanza kuingiwa na wasiwasi kwamba labda anasinzia, kwa hiyo baada ya kila radi nikawa namuuliza, "Hiyo umeiandika?" Naye, kwa kuwa alisikia "hiyo" mara mbili, alichora mistari miwili. Hakuna aliyeligundua jambo hilo. Alipotangaza kwa sauti ya sherehe, "Mjomba, mia mbili!" nilipiga kelele iliyomwamsha dada yangu chumba cha pili, nikamwendesha shujaa wangu mbio hadi mbele ya nyumba ya wageni ambako zawadi huwekwa sandukuni, nikalifungua sanduku, nikakuta vitu vya watu waliokwepa radi chache. Nembo inayoikamilisha silaha ya Lulu haikuwamo.

"Labda mchezo umekosea, Mjomba," alisema mpwa wangu. "Tukate rufaa."

Tulilipitia daftari, tukaigundua mistari pacha, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema ni wapi nilianza kuuliza swali langu, hesabu yote ilifutwa. Ndipo kijana akakumbuka habari inayojulikana sana miongoni mwa wachezaji, kwamba upande wa kusini wa nyika ile liko shimo pana, na mtu akilikanyaga na kulivuka, radi hupiga papo hapo. Hakuna tena kungoja wala kubahatisha. Unaingia shimoni, weupe unamulika, unabonyeza, unatoka, unageuka, unaingia tena.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa wakati ule niliona kwamba yametengenea. Radi za hovyo zilikuwa zikinitesa, lakini zilinishughulisha: nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti, pumzi nimeibana, kila weupe ukinikuta kama mwizi aliyemulikwa tochi. Radi za shimoni hazikunihitaji. Baada ya kitambo niligundua kwamba ninazungumza na mpwa wangu kuhusu masomo yake, ninamsikiliza, ninamshauri, huku kidole gumba cha kulia kikifanya kazi peke yake bila kunitaka idhini. Jicho lilikuwa limepatana na kidole moja kwa moja, na ubongo ulikuwa umeachwa nje ya mkataba. Sanduku lilipotoa ile nembo hatimaye, sikushangilia. Nilimpa Lulu silaha yake, nikamrudisha benchi, nikaenda kulala. Hata nilipofumba macho weupe uliendelea kumulika, na kidole kiliendelea kuitikia juu ya shuka.

Kesho yake mkurugenzi wetu alikuwa akistaafu. Watumishi wote walikusanyika ukumbini, hotuba zikasomwa, na ikafika zamu ya kumkabidhi zawadi, picha yake kubwa iliyowekwa katika fremu yenye kioo. Kwa sababu ambazo hadi leo sizijui, niliteuliwa kuikabidhi kwa niaba ya wenzangu. Mpiga picha akatupanga: mzee akashika fremu upande mmoja, nami nikaishika upande wa pili kwa mikono yote miwili, vidole gumba vikiwa juu ya kioo. Nyuma yetu wakasimama naibu wake na mhasibu mkuu, kila mmoja akiwa amemwekea mzee mkono begani. Nilikuwa mwishoni mwa safu, na kuliani kwangu palikuwa wazi kabisa. Ninaitaja nafasi hiyo kwa sababu mtu anayekwepa radi huhitaji mahali pa kwenda.

Msomaji anayezijua kamera atakuwa amekwisha kuona yanakoelekea. Kamera nyingi zina mpangilio wa kuzuia macho yasitoke mekundu pichani: flashi humulika kwanza ili mboni za watu zisinyae, kisha, baada ya kitambo kifupi, humulika tena kwa nguvu na picha huchukuliwa. Kwa maneno mengine, hutoa onyo la weupe na ndipo lije pigo lenyewe, kwa utaratibu ule ule wa nyika ya Thunder Plains. Kama mtu angekaa chini kubuni chombo cha kunitega mimi siku ile, asingeweza kubuni kilicho bora zaidi.

Mpiga picha akasema tutabasamu. Weupe ukamulika.

Kidole kilibonyeza kioo. Nasema kidole, kwa sababu mimi binafsi nilikuwa nikiwaza kama tai yangu imekaa sawa. Baada ya kidole, mwili mzima, ambao usiku kucha ulikuwa umemwona shujaa akijirusha kando kila kitufe kilipobonyezwa, uliona kwamba sasa ni zamu yake. Nilijirusha kuliani kwa moyo wote. Fremu nilikuwa bado nimeishika, kwa hiyo ilikuja nami. Mzee naye, aliyekuwa mtu wa kutoachia mali ya ofisi katika utumishi wake wote, hakuona sababu ya kuanza kuachia siku ya mwisho, kwa hiyo alikuja na fremu. Naibu na mhasibu walikuwa wamemshika mzee. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini changu kiliwang'oa viongozi wote wa idara yetu pale waliposimama kabla kamera haijamaliza kazi yake.

Hakuna aliyeumia, isipokuwa kioo. Pakawa na ukimya, kisha mzee, akiwa amelala ubavu na picha yake mwenyewe imemkalia kifuani, akaniuliza kwa upole, "Kijana, umekwepa nini?"

Nilikuwa bado nimechanganyikiwa, na ukweli ndio ulionitoka kwanza. "Radi, Mzee."

Aliyatazama madirisha. Jua lilikuwa kali.

Picha ilitoka, kwa kuwa flashi ya pili ilipomulika tulikuwa bado hewani. Mzee anaonekana akitabasamu kikamilifu, maana habari za kuanguka zilikuwa hazijamfikia usoni. Mhasibu ana uso wa mtu aliyegundua upungufu katika vitabu. Mimi naonekana nyayo za viatu na kidole gumba, kilichonyooka juu ya kioo kwa ustadi ambao, nikiwa mchezaji, siwezi kuacha kuusifu. Ilipobidi picha irudiwe, mpiga picha aliizima flashi, nami nikapewa nafasi katikati ya safu ya nyuma, kati ya madereva wawili wenye miili mikubwa walioelekezwa wanishike mikono.

Nilijaribu kujitetea kwa sayansi. Niliwaeleza wenzangu kwamba mwaka 2000 Robert Stickgold wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwachezesha watu Tetris: wengi wao waliona maumbo yakianguka walipokuwa wakipitiwa na usingizi, na miongoni mwa walioyaona walikuwamo wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, ambao hata hawakukumbuka kwamba walikuwa wamecheza. Mhasibu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama wagonjwa hao nao walivunja kioo.

Fomu ya ajali ndiyo iliyoleta mengine. Ofisa utumishi, mama mwenye haraka na siku yake, alifika kwenye nafasi ya "chanzo cha ajali" na kunitaka nimweleze kwa kifupi. Nikaanza na Lulu. Nilipofika kwenye mbio za ndege, aliinua mkono kunizuia, akaniuliza swali moja tu, la nini hasa nilikuwa nikikikwepa, na nilipomjibu aliandika neno "radi", akapiga muhuri, akaipeleka fomu makao makuu. Huko iliangukia mikononi mwa watu wa usalama wa majengo, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kudhani kwamba ofisa wa serikali anaweza kuandika neno hilo kwa maana nyingine.

Wiki iliyofuata akaja fundi na ngazi. Alipanda darini, akakagua mtambo wa kukingia radi, akarudi na habari kwamba waya wake wa kushukia ardhini umekatika, na kwamba jengo lile lilikuwa hatarini kweli. Mkurugenzi mpya alinipongeza mbele ya watu kwa kutoa taarifa mapema. Kisha fundi akafungua daftari lake, akaniomba nimwonyeshe mahali nilipokuwa nimesimama radi ilipopiga. Nikasogea hadi mwisho wa safu, nikasimama, nikamwonyesha na upande nilioangukia. Akapima kwa futi, akaandika.