Mshamba ni nani hasa?

Juzi, kwenye jengo moja la ofisi hapa Dar es Salaam, bibi mmoja alifika mlangoni, akaona vigae vinavyong'aa, akavua kandambili zake, akazishika mkononi ndipo akaingia. Vijana wawili waliokaa wakisubiri huduma wakaangua kicheko. "Mshamba huyo," akasema mmoja, wala hakushusha sauti. Shikamoo hawakumpa.

Nimekasirika na bado sijatulia. Kwa bibi yule kuvua viatu mlangoni ni kumheshimu mwenyeji. Aliingia kwa adabu, na waliokosa adabu ni wale waliokaa. Lakini ushamba kabandikwa yeye.

Tazama tunavyolitumia neno hili. Asiyejua kubonyeza lifti, mshamba. Aliyevaa suruali iliyopitwa na wakati, mshamba. Hayo ni ya kutozoea tu. Ukimwelekeza mara moja, anajua. Anayerusha chupa tupu dirishani mwa daladala, anayeruka foleni, anayemfokea mhudumu aliye sawa na mama yake, huyo tunamwita mtoto wa mjini. Na uungwana ni vitendo, tunasema wenyewe!

Kinachoniuma zaidi ni hiki: mfanyakazi wa ofisini akinunua ekari tano Mkuranga, tunampongeza, "mwenzetu ana shamba." Anayeliishi shamba lenyewe, akalilima kwa jembe la mkono na kulivuna, jina lake linageuka tusi. Sensa ya 2022 ilionyesha karibu thuluthi mbili ya Watanzania wanaishi vijijini. Ndio tunaowatukana, na unga tunaokula umetoka kwao. Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilishaonya kwamba tusipoangalia, wa mijini watakuwa ndio wanyonyaji wa wakulima. Dharau hii ni sehemu ya unyonyaji huo, maana ukishamwona mtu mjinga, huoni aibu kumpunja bei ya mahindi yake.

Haya, marafiki wakitaniana "acha ushamba wewe," sitagombana nao, ingawa sipendi. Pwani nako walikuwa na waungwana na washenzi wao zamani, kwa hiyo ugonjwa huu si wa leo.

Ila Kiswahili hakijatupungukia. Tuna fidhuli, tuna mjuvi, tuna safihi, tuna mtovu wa adabu. Vijana wale wawili wangeenea kwenye lolote kati ya hayo, na mkulima asingeguswa.