Wakala hana jirani wa kumuuliza

Sentensi iliyotuponza ilikuwa maelezo ya zana moja tuliyompa wakala wa akili mnemba, maneno matatu: "Husafisha foleni iliyotajwa." Niliiandika mimi mwenyewe, hapa Lubumbashi, Ijumaa jioni, nikikimbizana na umeme usije ukakatika kabla sijamaliza.

Kazi yetu si ya ajabu. Lori likitoka mgodini kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, kila hatua hutuma ujumbe, nao hukaa kwenye foleni kwa dalali, yaani programu ya kupokea na kupitisha ujumbe, kwetu ni RabbitMQ, mpaka programu ya upande wa pili iuchukue na kukiri kwamba imeupokea. Wakala wetu tulikuwa tumempa zana za kumsimamia dalali huyo: kuorodhesha foleni, kutazama ujumbe, kufuta, kusafisha. Kijana wa zamu akamwagiza aangalie kwa nini foleni moja imejaa. Wakala akaona imejaa kweli, akaona kuna zana ya kusafisha, akasafisha.

"Yaya, foleni iko sawa sasa," kijana akanipigia simu kwa furaha. Ilikuwa sawa, maana ilikuwa tupu. Asubuhi nzima tukashinda tunawapigia madereva mmoja mmoja, kuwauliza wamefika wapi.

Wenzangu walimlaumu wakala. Mimi naona walimkosea. Katika Kiswahili tunasafisha nyumba, viatu, hata kidonda, na kilichosafishwa kinabaki pale pale, kikiwa bora kuliko jana. Mtu akisoma maelezo mabovu humgeukia aliye karibu: "Mukubwa, hii inafanya nini hasa?" Wakala hana jirani. Ana sentensi yangu tu.

Siku hizi naandika hivi: "Hupoteza ujumbe wote unaosubiri kuchukuliwa. Haurudi. Ujumbe uliokwisha kukabidhiwa programu lakini haujakiriwa haufutwi. Usitumie kwa sababu tu foleni ni ndefu. Angalia kwanza kama kuna programu inayochukua." Wapo wanaonung'unika kwamba maelezo marefu yanajaza kumbukumbu ya wakala bure. Ni kweli yanachukua nafasi, basi tupunguze kwingine. Zana ya kuorodhesha foleni inatoshwa na mstari mmoja.

Inayonitia hofu zaidi ni ile ya kutazama ujumbe, kwa sababu jina lake ni la upole. Katika kiolesura cha usimamizi cha RabbitMQ, kile cha mlango wa 15672, ombi la kuchungulia ujumbe hutumwa kwa POST, namna ya kuiambia seva ibadilishe kitu, si GET, ile ya kusoma tu, na waliolibuni walikuwa na sababu: linabadilisha hali ya foleni. Ukichagua kukiri, ujumbe umekwenda. Ukichagua kuurudisha, unarudi na alama kwamba uliwahi kutolewa. Maelezo yetu ya zamani yaliita jambo hilo "kusoma".

Itifaki ya MCP, kanuni za kuunganisha wakala na zana zake zilizotangazwa na Anthropic Novemba 2024, inaruhusu zana kubandikwa alama: hii inasoma tu, hii inaharibu. Nazitumia. Lakini alama ya "inaharibu" ni ile ile kwa foleni ya majaribio na kwa foleni yenye safari za malori ya watu, na itifaki yenyewe inasema alama kutoka kwa seva usiyoiamini zisitegemewe. Tofauti ya foleni na foleni lazima iandikwe kwa maneno, na aiandike mtu anayejua ndani yake kuna nini.

Mkubwa mmoja kazini alitaka kuumaliza mjadala: "Mpe ruhusa ya kusoma peke yake, basi." Na mimi nilidhani hivyo, hadi niliporudi kwenye jedwali la ruhusa. RabbitMQ ina ruhusa tatu: kusanidi, kuandika na kusoma. Kufuta foleni kunadai ya kusanidi. Kuimwaga yote, kitendo kile kile kilichotupotezea asubuhi, kunadai ya kusoma tu! Nililisoma jedwali mara mbili, kisha nikamwonyesha. Alinyamaza kidogo, akaomba kahawa.

Sentensi hiyo ya ruhusa nimeiweka juu kabisa ya maelezo ya zana. Kijana wa zamu ananiambia ukurasa wangu sasa unatisha. Nimemjibu kwamba bado sijafika kwenye zana ya kufuta.