Ushabiki wa kompyuta: kifaa kimekufaa au unajiona tu?

Muulize mtu wa Windows, ule mfumo wa kuendesha kompyuta wa Microsoft, kwanini watu wa Mac, yaani kompyuta za Apple, wanamkera, atakwambia wanajiona, wanalipia nembo ile ya tunda lililong'atwa ili waonekane. Mgeukie mtu wa Mac, atakwambia hao wana wivu tu, hawajawahi kushika kompyuta nzuri. Mtu wa Linux, mfumo wa bure, yeye anawaona wote wawili hawajui kitu. Mimi nimefuatilia huu ugomvi muda mrefu na naona kuna vitu viwili vinachanganywa, kuna kung'ang'ania kifaa kwa sababu kinakufaa na kuna kumdharau mwenzio kwa sababu hana hicho kifaa. Hilo la kwanza sina neno nalo. La pili linatuumiza sisi watumiaji, na anayefaidi ni aliyetuuzia.

Tuanze na hilo la kwanza maana linaonewa sana. Mtu akikaa na mfumo mmoja miaka na miaka vidole vinakariri. Kukopi kwenye Windows ni Ctrl na C, kidole kidogo kinashuka kwenye kona ya kibodi, kwenye Mac ni Command na C na hiyo Command ipo pembeni ya kitufe cha nafasi, inatafutwa na kidole gumba, sasa mtu aliyehama anaweza kumaliza siku kadhaa anabonyeza siko na kazi haziendi. Bado programu. Final Cut Pro ya kuhariri video na Logic Pro ya muziki ukizitaka kwenye kompyuta lazima uwe na Mac, anayetengeneza programu za iPhone anaihitaji Xcode ambayo nayo ni ya Mac tu, na mhandisi anayechora kwa SolidWorks huwezi kumwambia ahame Windows kwa sababu haipo kwingine, na mcheza magemu naye magemu yake mengi yako hukohuko. MacBook Air yenye chipu ya M1 iliyotoka mwishoni mwa 2020 haina hata feni, haipigi kelele, na chaji inakaa kutwa. Aliyeinunua alipata kitu. Kumwambia analipia nembo ni kumkosea heshima, amepiga hesabu zake kama wewe ulivyopiga zako.

Lakini watu wa Mac nao wasijifanye hii lawama ya kujiona imetoka hewani. Iliuzwa kabisa, kwa pesa. Januari 1984 Apple walirusha tangazo lao kwenye Super Bowl, ile fainali ya futiboli ya Kimarekani, watu wamenyolewa vichwa, wamekaa mistari kama mizoga wanakodolea skrini kubwa, anatokea dada mmoja anakimbia na nyundo, anairusha, skrini inapasuka. Ujumbe upo wazi, wanaotumia kompyuta za wengine ni kundi linaloburuzwa na wewe wa Macintosh, ndio hiyo Mac, ndio uliyeamka. Halafu kuanzia 2006 mpaka 2009 wakaja na yale matangazo ya watu wawili, Mac ni kijana ametulia na nguo zake za kawaida, PC, yaani kompyuta ya Windows, ni jamaa wa suti anayehangaika na kila kitu. Ukiangalia vizuri pale kompyuta yenyewe karibu haionekani, kinachouzwa ni aina ya mtu. Kwahiyo mtumiaji wa Windows akisema anahisi anadharauliwa sio wivu, aliambiwa hivyo kwenye runinga miaka mitatu mfululizo.

Na kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kampuni zenyewe hazina huo ushabiki, zinauacha siku hesabu zikibadilika. Mwaka 1998 Apple walikuwa na tangazo la konokono amebeba chipu ya Pentium II ya Intel mgongoni, wanamaanisha Intel ni polepole, na mashabiki wakalibeba hilo kama imani, miaka wanabishana kwamba PowerPC, iliyokuwa ndani ya Mac wakati huo, ndio chipu ya wenye akili. Juni 2005 Steve Jobs, bosi wa Apple, akapanda jukwaani akatangaza Mac zinahamia Intel, na Januari 2006 zikaanza kutoka. Wale waliokuwa wanatukana watu kwa ajili ya konokono wakaachwa na hoja zao mkononi. Hata kabla ya hapo, Agosti 1997 kule Boston, Apple ikiwa na hali mbaya kifedha, Jobs alitangaza kwamba Microsoft wanaweka dola milioni 150, uso wa Bill Gates, bosi wa Microsoft, ukatokea kwenye skrini kubwa na ukumbi uliojaa watu wa Mac ukazomea. Jobs akawaambia waachane na hiyo fikra kwamba ili Apple ishinde lazima Microsoft ishindwe. Bosi mwenyewe anasema yaishe, shabiki hataki! Microsoft nao hivyohivyo, mwaka 2001 mkuu wao Steve Ballmer aliifananisha Linux na saratani, ilipofika 2016 programu za Linux zinaendeshwa ndani ya Windows 10 kwa mkono wa Microsoft wenyewe.

Hasara ya kweli ya ushabiki inaonekana kifaa kikiharibika. Kibodi za butterfly kwenye MacBook, zilizoanza 2015, zilikuwa nyembamba mno, punje ya vumbi ikiingia chini ya herufi basi herufi hiyo haiandiki au inajiandika mara mbili. Ungetegemea waliolipa pesa nyingi ndio wapige kelele pamoja, lakini aliyelalamika alikuwa anajibiwa na watumiaji wenzake kwamba anakula juu ya kompyuta, hajui kutunza vitu. Bahati nzuri wapo wapenzi wa Mac, wa siku nyingi kabisa, waliokataa kunyamaza wakaandika na kushitaki, Apple wakaanzisha matengenezo ya bure 2018, kuanzia mwisho wa 2019 wakarudi kwenye kibodi ya aina ya zamani, na 2022 wakakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi. Huo ndio uaminifu ninaouheshimu mimi, wa mtu anayependa kitu na bado anakisema.

Linux ni habari nyingine kidogo maana pale hununui chochote, kiingilio ni ujuzi, na naona maringo ya ujuzi yanauma kuliko ya pesa. Pesa ukikosa unajua umekosa pesa, ila ukiambiwa swali lako ni la kijinga unaondoka unaamini wewe ndio mjinga. Mtu anaingia anasema waifai haishiki baada ya kuinstoli, anajibiwa soma mwongozo, au kwanza kwanini unatumia toleo la wanaoanza. Nawaelewa wanaojibu, wanajitolea, hawalipwi, swali hilohilo wameshalijibu mara nyingi, uchovu wao ni halali. Ila ukichoka unaweza kunyamaza, mwingine atajibu.

Na sasa hivi jambo hili lina uzito kuliko zamani, kwa sababu Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za kuanzia miaka ya karibuni, kwahiyo kuna laptopu nyingi nzima kabisa ambazo zimeachwa njiani, watu binafsi wanaojiandikisha walitangaziwa nyongeza ya apdeti za usalama ya mwaka mmoja, mpaka Oktoba 2026. Wenye mashine hizo wengi sio mashabiki wa chochote, wana faili zao na kazi zao. Baadhi watajaribu Linux, na swali lao la kwanza litakuwa hilohilo la waifai. Wakipata mtu wa kuwaambia chomeka simu kwa waya upate intaneti kwanza, kisha tafuta draiva, ile programu inayoiwezesha kadi yako ya waifai kufanya kazi, watabaki. Wakikejeliwa watarudi kwenye Windows 10 isiyopata apdeti, na pengo hilo la usalama halitakuwa limesababishwa na Microsoft peke yao.